Kabla Hujanunua Kidude cha Kukamua

Birika ndiyo iliyonizindua. Birika ya chai ya maziwa, imejaa, asubuhi ya Jumapili, wageni wako barazani wangojea. Niliinyanyua kwa mkono wa kulia kama nilivyofanya maisha yangu yote, na kabla sijafika mlangoni ikanitoka. Haikuniunguza, lakini chai yote ilikuwa sakafuni na mimi nimesimama naviangalia vidole vyangu kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimeteleza kwenye ngazi za nyumbani, ngazi zile zile nilizozipanda na kuzishuka tangu utotoni, nikaangukia mkono. Mfupa wa kifundo ukavunjika. Nilitiwa plasta nikakaa nayo wiki 6, na ilipotolewa nikaona mkono umekonda kama wa mgonjwa wa mwaka mzima. Niliambiwa niufanyishe mazoezi. Niliitikia vizuri, nikarudi nyumbani, sikufanya lolote. Nilidhani nguvu zitarudi zenyewe maadamu mfupa umeshika.

Sasa, birika ni birika, chai hupikwa nyingine. Lakini nyumba yetu ni ya ghorofa, ya mtindo wa zamani, na mama yangu akaa juu. Ana miaka 81, akili timamu, ulimi mkali, na kila alasiri lazima ashuke kukaa barazani na wenziwe. Kumshusha ni kazi yangu. Yeye hushika ukuta kwa mkono mmoja, na mimi humshika ule wa pili. Tumemwomba mara nyingi ahamie chumba cha chini, hataki hata kusikia. Siku ile nikiwa napangusa chai nilikuwa nawaza jambo moja tu: ikiwa birika ya lita 2 imenitoka, mama je?

Basi nikaenda mjini kutafuta kifaa. Kijana wa dukani akanipokea vizuri. "Ami, wataka cha kawaida ama cha mazoezi kabisa?" Nami, kwa ule ujinga wetu wanaume, nikajibu nataka cha mazoezi kabisa. Akanitolea kile cha chuma chenye mikono miwili na springi juu, umbo lake kama herufi V iliyopinduliwa. Nikatoa shilingi 1,200. Nilipofika nyumbani nikajaribu kukifunga, hakikusogea hata upana wa ukucha. Nikafanya kama afanyavyo mtu mbishi: nikakaza meno, nikazuia pumzi, nikakamua kila siku asubuhi na jioni kwa muda wa wiki 2. Kiganja hakikupata nguvu. Nilichopata ni maumivu upande wa nje wa kiwiko, hata kugeuza ufunguo mlangoni ikawa ni shida mpya juu ya ile ya zamani.

Hapo ndipo nilipokubali kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Binti mdogo, umri wa mwanangu wa tatu. Nilimtolea kile chuma mfukoni, akakishika, akacheka kwa adabu. "Baba, hiki ni cha mtu anayeinua vyuma. Wewe bado u mgonjwa." Kisha akanieleza mambo ambayo laiti ningeyajua mapema. Nimeona niyaandike, kwa sababu tangu nianze kuyasema barazani nimegundua kuwa nusu ya watu wa rika langu wana kidude kama kile kwenye droo, na wote walikinunua kama nilivyokinunua mimi.

La kwanza alilonionyesha ni kwamba nguvu za vidole haziko vidoleni. Ndani ya vidole hamna misuli. Misuli mikubwa inayokunja vidole iko kwenye kigasha, yaani baina ya kiwiko na kifundo cha mkono, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu kama kamba zinazovuta tanga kutoka chini ya mlingoti. Misuli mingine midogo iko kiganjani, hasa pale panapovimba chini ya kidole gumba. Weka mkono mmoja juu ya kigasha cha mwingine kisha kunja ngumi, utahisi jinsi kunavyocheza huko. Kano 9 pamoja na mshipa mmoja wa fahamu hupita kwenye njia nyembamba iliyo upande wa ndani wa kifundo. Ndiyo maana mtu akikamua kupita kiasi, au kazi yake ikiwa ni ya kukunja kifundo mchana kutwa, huanza kusikia ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, aghalabu usiku. Ganzi hiyo haitibiwi kwa kukamua zaidi.

Na upande wa juu wa kigasha, ule wenye nywele, kuna misuli inayofungua vidole na kukishikilia kifundo kisianguke wakati unapokamua. Misuli hiyo imeanzia upande wa nje wa kiwiko. Nilipokuwa nang'ang'ana na chuma changu, hiyo ndiyo niliyokuwa naiumiza bila kujua.

La pili ni kwamba kushika ni kwa namna nyingi. Kuna kukamua, kama unavyokamua nguo au kifumbu cha nazi. Kuna kubana kwa kidole gumba na vingine, kama kugeuza ufunguo, kufunga kifungo cha kanzu au kushika sahani kwa ukingo. Na kuna kuning'iniza, pale vidole vinapofanya kazi ya ndoano tu: umebeba kapu kutoka sokoni, au ndoo. Mtu anaweza kuwa hodari wa moja akawa dhaifu wa nyingine. Mimi ndoo niliweza kuibeba kidogo, lakini kifungo cha shingo cha kanzu alinifunga mke wangu kwa miezi 3. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani jiulize ni kipi hasa kinachokushinda. Kifaa cha springi hufundisha kukamua peke yake. Hakitakufungia kifungo.

Sasa tuje kwenye vifaa vyenyewe.

Mpira ndio wa kuanzia karibu kwa kila mtu, lakini mpira gani? Watu wengi huchukua mpira wa tenisi kwa sababu uko nyumbani. Mpira wa tenisi ni mgumu mno kwa mkono uliotoka kwenye plasta, na kwa wengi ni mkubwa kidogo. Vidole havipati kukunjika vizuri. Anza na wa sponji, ule unaominyika mpaka vidole vikaribie kiganja. Ukiminya, hesabu polepole mpaka 3 au 5, kisha achia polepole vile vile. Mara 10, pumzika dakika moja, rudia. Siku mbili au tatu kwa wiki zatosha ukiwa unatafuta nguvu, kwa sababu misuli hujengeka siku ya mapumziko. Aliyetoka kwenye plasta huenda akapangiwa mazoezi mepesi zaidi ya kila siku ili viungo visikakamae, na hilo mwachie anayekutibu.

Ajabu ni kwamba watu huona haya kutumia mpira wa sponji. Mimi nilikuwa nauficha mgeni akibisha hodi.

Baada ya mpira, au pamoja nao, kuna kitu kinachofanana na plastisini ya watoto wa chekechea, cha silikoni, kisichokauka wala kugandama vidoleni. Wataalamu wa mikono wanakipenda sana nami nimejua kwa nini: unaweza kukikamua, kukibana kwa ncha za vidole, kukisokota, kukivuta, kukipachika vidole ndani ukavifungua. Kifaa kimoja, kazi kumi. Huuzwa kwa rangi kulingana na ugumu, na mara nyingi njano huwa ni laini, kisha nyekundu, kijani, na buluu ikawa ngumu; lakini kila mtengenezaji ana mpango wake, kwa hiyo soma kopo usitegemee rangi. Ubaya wake ni bei, na kwamba si kila duka la dawa linakiweka. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu mama yangu alilitatua siku moja tu.

Halafu ndiyo vile vya springi. Viko vya aina mbili. Kuna cha chuma kitupu, ambacho ugumu wake ni mmoja maisha. Ukikiweza umekimaliza, na usipokiweza umetupa pesa. Na kuna cha plastiki chenye kikorokoro kidogo cha kuzungusha, unakaza au kulegeza. Vingi katika hivi vimeandikwa kilo 5 hadi 60, au 10 hadi 40. Kama wewe ni mtu wa kawaida unayetaka kuongeza nguvu na huna maradhi ya mkono, chukua hiki cha pili. Anza pale unapoweza kukifunga mara 12 hivi huku zile 2 au 3 za mwisho zikiwa na tabu kidogo, bila maumivu. Ukifika mara 15 kwa wepesi, kaza kidogo. Hivyo tu.

Zile kilo zilizoandikwa usizichukulie kama mizani ya sokoni. Springi ukiisukuma karibu na ncha ya mkono wake huwa nyepesi kuliko ukiishika karibu na koili, na kila kiwanda hupima kwa namna yake. Kilo 30 za kifaa hiki si kilo 30 za kile. Linganisha kifaa na chenyewe, wiki hii na wiki iliyopita.

Upana nao ni muhimu, na wauzaji hawautaji kamwe. Mkono mdogo ukipewa kifaa kipana, vidole huanza kazi vikiwa vimenyooka karibu kabisa, na hapo huwa havina nguvu. Mke wangu alishindwa na changu cha plastiki hata kikiwa kimelegezwa kabisa, tukadhani hana nguvu. Tulipopata chembamba zaidi alikifunga kama mchezo. Jaribu dukani kabla ya kulipa. Ukikataliwa kujaribu, nenda duka la pili.

Kuna vijana watakaosoma hapa wakasema huyu mzee atuchelewesha, sisi twataka nguvu za kweli. Nawajua, wawili wako nyumbani kwangu. Hao wana ulimwengu wao. Kampuni ya IronMind ya Marekani hutengeneza vishikio viitwavyo Captains of Crush, vimepangwa kwa namba, kila namba ikiwa ngumu kuliko iliyotangulia. Namba 1 imekadiriwa ratili 140, yaani kilo 63 na kitu, nayo huwashinda wanaume wengi wanaoijaribu kwa mara ya kwanza. Namba 3 ni ratili 280, na anayeifunga mbele ya shahidi kwa kufuata kanuni zao huandikwa jina kwenye orodha. Namba 4 ni ratili 365, zaidi ya kilo 165, na waliotambuliwa kwa kuifunga ni wa kuhesabu kwa vidole. Ukitaka njia hiyo, pita ngazi kwa ngazi na usianze na chuma cha kumwonyesha rafiki. Misuli hupata nguvu haraka. Kano huchukua muda mrefu zaidi kuzoea, na kano ikikasirika utakaa nje miezi. Kile chuma changu cha shilingi 1,200, kwa taarifa yenu, sasa ni cha kijana wangu wa pili, naye hukifunga akiwa anaangalia mpira.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote hakina bei. Ni ile mipira myembamba ya kufungia noti na mafungu ya mboga. Kusanya ncha za vidole vitano pamoja, zungushia mpira mmoja, kisha vifungue vidole kama ua linalochanua. Mara 15 au 20. Ukiwa mwepesi, ongeza wa pili. Hii ndiyo tiba ya kosa langu la kiwiko: inaitia nguvu ile misuli ya kufungua, ambayo anayekamua peke yake huisahau. Binti wa fiziotherapia aliniambia kila nikikamua nifungue pia, na tangu nianze kufanya hivyo kiwiko kilitulia taratibu.

Anayekaa karibu na ufuo ana kifaa kingine cha bure. Wanamichezo wa nchi za nje hujaza ndoo mchele wakazamisha mikono ndani, wakifumba na kufumbua vidole, wakizungusha vifundo. Mchele wa watu huo! Sisi tuna mchanga. Nenda asubuhi maji yakiwa yametoka, chagua mchanga mkavu, zamisha mkono mpaka juu ya kifundo na ufungue vidole humo ndani. Utajua hujui. Wanaofanya karate ya Okinawa nao hutembea na mitungi wameishika midomo yake kwa vidole, na wanaongeza mchanga ndani kadiri wanavyopata nguvu. Hilo ni zoezi la kubana, na nyumbani laweza kufanywa kwa kopo la maziwa lililotiwa mchanga.

Kwa namna ya kuning'iniza, mtungi wa plastiki wa maji ndio mwalimu. Mtungi wa lita 5 ukijaa ni kilo 5 na ushei, wa lita 20 ni kilo 20 na ushei, na hakuna mizani iliyo wazi kuliko hiyo. Shika wa lita 5 kila mkono, simama wima, tembea ukumbini mwako kwa nusu dakika. Ukizoea, nenda wa lita 10. Vijana wanaosukuma mikokoteni ya maji mitaani kwetu hawajawahi kununua springi, na wakikusalimia kwa mkono utajua. Ikiwa mshikio wa mtungi wakukata vidole, uviringishie kitambaa. Unene ukizidi kidogo kazi nayo huzidi, kwa hiyo punguza maji kwanza.

Hapa ndipo niliporudi kwa mama. Yule binti ana kipimo kiitwacho dainamomita, unakikamua kwa nguvu zako zote na sindano yakuambia kilo ngapi. Mkono wangu wa kulia ulisoma 22 siku ya kwanza. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu kudhoofika kwa misuli uzeeni, waliweka mpaka wa kilo 27 kwa wanaume na 16 kwa wanawake. Chini ya hapo, wasema, mtu achunguzwe zaidi. Mipaka hiyo ilitokana na vipimo vya watu wa kwao, lakini ni taa ya kuonea. Mimi nilikuwa chini kwa sababu ya kuvunjika. Nikaomba nije na mama, apimwe naye. Alisoma 11.

Nilishangaa. Huyu ni mtu aliyekamua kifumbu kila siku ya Mungu kwa zaidi ya miaka 50. Kuna nazi na kuna mbuzi, unakuna, unatia maji, unajaza kifumbu, unakisokota mpaka tui la mwisho litoke. Halafu unga wa mahamri, kinu na mchi, nguo za watoto saba kufuliwa na kukamuliwa kwa mikono. Lakini siku hizi tui latoka kwenye pakiti, nguo zafuliwa na mashine, na sisi watoto kwa mapenzi yetu tumemkataza kila kazi. "Kaa, mama, pumzika." Amekaa. Nguvu za kushika hufikia kilele umri wa miaka 30 hivi kisha hushuka, haraka zaidi uzeeni, na mkono usiotumika hushuka mara mbili.

Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa watu karibu 140,000 wa nchi 17, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini. Waligundua kwamba kwa kila kilo 5 za kushika alizopungukiwa mtu, hatari ya kufa katika miaka iliyofuata ilizidi kwa asilimia 16, na kipimo hicho kilitabiri vifo kuliko hata presha ya juu ya damu. Watu wameichukua habari hiyo wakaigeuza kuwa tangazo la kuuza springi. Sivyo. Mkono hapo ni kama sindano ya petroli kwenye gari: yaonyesha tangi lina nini. Kuisukuma sindano kwa kidole hakujazi tangi. Mama mwenye kilo 11 za kushika pengine ana miguu dhaifu vile vile, na wa kumshika ngazini ni mimi mwenye 22.

Nilimpelekea mpira wa sponji, wa rangi ya chungwa. Akautazama. "Mimi ni mtoto wa kuchezea mpira?" Akamtupia mjukuu. Nikamletea ile silikoni, akainusa, akauliza imetengenezwa na nini, akairudisha koponi. Siku ya tatu nikamkuta jikoni amekaa kwenye kiti, sinia mapajani, anakanda unga. Alikuwa ameagiza unga na tui kupitia kwa mjukuu yule yule. "Si umesema nikande? Nakanda." Na kweli, unga uliokandwa vizuri ni ile silikoni yenyewe, tena waweza kuongeza maji ukalainika au ukaongeza unga ukawa mgumu, upendavyo. Sasa hukanda mara tatu kwa wiki. Nyumba nzima twanenepa, lakini hilo ni la makala nyingine.

Yako mambo ambayo sitaki mtu ayafanye kwa kusoma hapa. Kama mtu wenu amepatwa na kiharusi na mkono wake hujikunja wenyewe ukafumba ngumi, msimpe mpira wa kukamua kabla ya kumuuliza mtaalamu. Mkono ule tayari wavuta kwa ndani, na mara nyingi anachohitaji ni kufunzwa kufungua. Familia nyingi huukimbilia mpira kwa nia njema kabisa. Mwenye baridi yabisi, siku ambazo viungo vimevimba na vina moto, apumzishe mkono. Mwenye ganzi ya usiku niliyoitaja akaangaliwe kwanza, na vivyo hivyo mwenye kidole kinachokwama kikikunjwa kisha kikafunguka kwa mshituko; wenye kisukari hupata mambo haya mawili zaidi ya wengine. Na mwenye presha asizuie pumzi anapokamua. Toa pumzi ukiminya, vuta ukiachia. Mimi niliyekuwa nakaza meno na kuzuia pumzi nilikuwa naipandisha presha yangu bila faida yoyote.

Maumivu yako ya namna mbili pia. Uchovu wa misuli unaoujua kesho yake kwenye kigasha, huo ni wa kawaida na huondoka siku mbili. Maumivu makali kwenye kiungo, kiwikoni au kifundoni wakati ule ule unapokamua, acha hapo hapo.

Nikiulizwa leo na mtu mwenye shilingi 500 mfukoni, nitamwambia anunue mpira wa sponji, achukue mipira miwili ya kufungia noti kwa muuza mboga, ajaze mtungi wa lita 5, na zinazobaki akanunulie maembe. Mwenye 1,500 aongeze cha plastiki cha kukaza na kulegeza, akijaribu kwanza upana wake. Cha chuma kitupu amwachie kijana.

Na ngazi je? Fundi alikuja tukatia mshikio wa mbao ukutani, kutoka juu mpaka chini. Nilimwambia asitie boriti pana ya kupendeza, atie wa mviringo, unene wa sentimita 3 hadi 4, ili vidole vya mama vipate kuuzunguka, na auweke mbali na ukuta kiasi cha ngumi kupita. Alinung'unika kwamba hautakuwa na sura. Mama aushika kwa mkono mmoja, mimi namshika wa pili, na yule mjukuu atangulia mbele akituhesabia vidato.

Mwezi uliopita tulirudi kupimwa, miezi 4 tangu tuanze. Mimi nilisoma 31. Mama 14. Mkebe wa achari aufungua mwenyewe sasa. Wa kahawa bado huniita.